Tiara na Betri Zilizovimba

Kuna watu Mungu amewapa kaka walevi. Wengine wamepewa kaka wagomvi, wengine kaka wasioonekana nyumbani mpaka kuwe na msiba. Mimi nilipewa kaka mwenye ndege. Usije ukadhani ni ndege ya kupanda, ukoo wetu hauna nasaba hiyo. Ni ndege ya sponji ngumu, ile nyeupe inayokuja imekumbatia friji na televisheni mpya, yenye mabawa mapana kuliko mlango na mota ndogo puani. Kaka anasimama chini ameshika rimoti, ndege inazunguka juu ya uwanja kwa muda ambao hata chai haijachemka, kisha inashuka. Basi. Kwa ajili ya hilo tu, nyumba yetu iligeuka uwanja wa vita.

Jina lake la mtaani ni Tiara. Alipewa tangu utotoni, kwa sababu ukimtuma dukani alikuwa anakwenda anaangalia juu na kurudi mikono mitupu. Alipokua akawa fundi makochi, na fundi kwelikweli. Karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba ya mama yetu, kinachotazama barabara. Kila siku utamkuta mle katikati ya mbao na springi, misumari midogo imejaa mdomoni, anaitoa mmoja mmoja kwa midomo kama mtu anayetema mbegu. Ukimsalimu anaitikia kwa nyusi. Mimi nasuka nywele barazani, hatua chache kutoka mlango wake, kwa hiyo la humo ndani halinipiti hata nikitaka.

Na nisiseme uongo, mwanzoni ndege hizo zilileta kheri. Kaka yangu hana maneno. Aliposa kwa kumtuma mjomba azungumze, yeye akakaa pembeni anapapasa kiti cha wenyewe kuona kimejazwa nini. Mkewe, wifi yangu, ni mwanamke wa kusema na kucheka, na miaka ya kwanza alizoea kuongea peke yake kama redio. Kisha wakapata binti, tukamwita Kasuku kwa jinsi alivyokuwa hanyamazi, na hapo ndipo Tiara akapata ulimi. Lakini si nyumbani. Uwanjani.

Kazi ya Kasuku ilikuwa kurusha. Anaishika ndege juu ya kichwa, anakimbia na vimiguu vyake, baba yake anahesabu, anaiachia. Inainama kidogo roho ikutoke, halafu inapanda. Na hapo baba na mtoto wanaanza: "Kata kushoto, Baba!" "Upepo umeona?" "Inalia, Baba, imechoka!" "Haijachoka, inakudanganya." Niliwafuata siku moja nikabaki nimeduwaa. Nilikuwa sijui kwamba kaka yangu anajua maneno mengi kiasi kile. Wakirudi nyumbani anaweka misumari mdomoni, mazungumzo yamekwisha mpaka safari nyingine.

Sasa betri. Ndege hizo hazitumii betri za redio zenye gamba la bati. Zinatumia betri laini za lithiamu, zilizofungwa kwenye mfuko mwembamba unaong'aa, nyaya mbili nene zimechomoza, nyekundu na nyeusi. Ikiwa mpya inakuwa bapa na imara kama mche wa sabuni ambao haujaguswa na maji. Kasuku alizipa majina. Kulikuwa na Mbio, iliyokuwa na nguvu kuliko zote. Kulikuwa na Mvivu na Mzee. Na kulikuwa na Bi Harusi, ya mwisho kununuliwa, iliyong'aa mno hata Kasuku hakutaka ichafuke.

Sasa niwaeleze ugonjwa wa nyumba yetu. Umeme kwetu ni mgeni asiyeaga. Unaondoka mchana, unarudi unapojisikia, na ukirudi tu mama yetu anapiga ukelele kutoka jikoni, "Umeme!" Hapo kila mtu anaacha alichoshika. Mimi na mteja wangu aliyesukwa nusu kichwa tunakimbilia simu, wifi anakimbilia taa ya kuchaji, mama redio yake, Kasuku anakimbia tu kwa sababu wote tunakimbia. Na kaka na betri zake. Katika nyumba ile, kuacha kitu nusu chaji ilikuwa uzembe, sawa na kuacha ndoo tupu wakati bomba linatoka. Kila kitu kijazwe mpaka juu, kikae tayari. Nani anajua kesho?

Basi betri zilikuwa zinajazwa pomoni na kupangwa dirishani kwa kaka, zinasubiri siku ya kuruka. Na siku ya kuruka ilikuwa haiji. Mara mteja anataka kochi lake kwa ajili ya harusi. Mara upepo mkali. Mara mvua wiki nzima. Zinakaa zimeshiba, zinapata joto la dirisha, na kila umeme ukirudi anazirudisha tena kwenye chaja, zikishindiliwa hata kile kidogo kilichopungua.

Mzee ndiyo iliyoanza kuvimba. Kaka alikuwa anaiminya kwa vidole gumba viwili, kama mtu anayechagua parachichi sokoni. "Tumbo tu hilo," akasema. Akaizungushia utepe. Mvivu nayo ikafuata. Zikawa haziingii tena kwenye kitundu chake ndani ya ndege, na kaka, badala ya kushtuka, akachukua kisu akapanua kitundu. Nilimwambia, "Kaka, kitu kikivimba ni kwamba kina ugonjwa." Akatoa misumari mdomoni, maana yake jambo ni zito, akanijibu, "Mteja akinenepa, unampanulia kiti." Ndiyo akili ya fundi makochi hiyo. Anaamini hakuna mwili usioweza kutengenezewa nafasi.

Angani zikawa hazidumu. Ndege inapanda vizuri, mara inalegea, inashuka kama imekumbuka kitu chini. Kaka akazidi kuzichaji. Aliona zimepungukiwa chakula, akawa anazilisha.

Ilikuwa mchana, baada ya chakula. Kasuku alikuwa na mafua, amelala chumbani kwa wazazi wake. Umeme ulikuwa umerudi, na kwa kuwa soketi za karakana zilikuwa zimejaa, kaka aliipeleka Mbio kuchajiwa chumbani, juu ya stuli kando ya kitanda. Mimi nilikuwa barazani. Kwanza nikasikia wifi anaita jina la Mungu. Halafu nikasikia mvumo, kama sufuria ya presha inayopumua. Nilipofika mlangoni harufu ilinipiga, tamutamu, kama dawa ya kufutia rangi ya kucha, na moshi mweupe umejaa chumba. Wifi alikuwa ameshamkwapua mtoto na kunipita karibu aniangushe. Nyuma yake stuli ilikuwa inawaka, na upande wa godoro umeshika. Kaka aliingia na koleo la jikoni, akaitoa ile betri nje ikiwa inatema moto, akairusha uani, nasi tukamwagia godoro maji.

Wifi alisimama uani bila viatu, mtoto begani. Nilidhani atalia. Hakulia.

"Nilikwambia," alimwambia mumewe. "Nilikwambia Mzee ilipovimba. Nilikwambia Mvivu ilipovimba. Ukaniambia tumbo."

"Ni hii moja tu ilikuwa..."

"Mtoto alikuwa amelala, mume wangu. Amelala! Kichwa chake kiko hapa, moto uko hapo." Akaonyesha kwa mkono, umbali wa mimi na wewe tukikaa kusukana. "Mimi niliolewa na fundi makochi. Sikuolewa na ghala la mabomu."

Jioni ile ile alikwenda kwa mama yake na mtoto. Sikumlaumu. Ningekuwa mimi, ningeondoka na godoro pia.

Nimewahi kuona watu wanakata tamaa kwa makelele, wanapiga kuta, wanalewa. Kaka yangu alikata tamaa kwa kushona vibaya. Mishono ikaanza kwenda upogo. Mteja mmoja alirudisha kiti, mgongo umeegemea upande kama mtu mwenye kiuno kibovu, na kaka akakiangalia kana kwamba kimetengenezwa na mtu mwingine. Chakula alikuwa anakizungusha tu kwenye sahani. Alikuwa anakaa juu ya kochi ambalo halijavikwa kitambaa, juu ya springi tupu, ameshika simu. Wifi alikuwa anapokea, mara nyingine anampa Kasuku azungumze. Sharti lake halikubadilika: betri zote zitoke, zote, naye atarudi.

"Ndege sina ugomvi nayo," alinipigia mimi akaniambia. "Ndege ni sponji. Aiweke hata juu ya kitanda. Betri hapana, wifi yangu. Nikifumba macho nasikia ule mvumo."

"Atazitoa," nikamwambia. "Nitamkalia kooni."

"Mkalie haswa. Unamjua kaka yako, anasikia kwa nyusi."

Tukacheka wote wawili, kisha akalia, nami nikalia, mteja wangu akawa ananitazama kwenye kioo.

Aliyekuja kumfumbua macho kaka ni Kepteni. Msidhani ni kepteni wa chochote. Ni karani mstaafu wa posta, mwenye kofia kubwa, ambaye naye anarusha ndege uwanja ule ule, na ndiye mtu pekee ambaye kaka alikuwa anamheshimu katika mambo hayo. Alikuja kumpa pole. Akaingia karakana, akaziona Mzee na Mvivu dirishani zimetuna, akavua kofia.

"Wewe, hizi umezichaji lini?"

"Jana. Umeme ulirudi."

"Na jana uliruka?"

"Hapana."

"Na kabla ya hapo?"

Kaka akamweleza kwa fahari, maskini, jinsi asivyoacha hata moja ikae nusu. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kitana mkononi, nikauona uso wa mzee yule unavyobadilika.

Kepteni akaichukua chaja. Ilikuwa na vitufe kadhaa, kimojawapo maandishi yake yamefutika kwa sababu hakuna aliyewahi kujali yanasema nini. Akakibonyeza. "Na hiki unadhani ni pambo? Hiki ni cha kuilaza. Betri hizi zinataka kulala zikiwa nusu. Unaijaza siku ya kuruka, asubuhi, basi. Ukirudi unaishusha nusu, unailaza. Ukiiacha imeshiba siku nyingi, inaanza kuoza tumboni. Gesi inajaa. Ndiyo huko kuvimba. Zingekuwa na maisha marefu hizi, bwana. Umeziua kwa kuzishibisha."

Kaka aliketi juu ya lundo la sponji. "Nilikuwa nazitunza," alisema.

"Najua."

"Nilikuwa nazitunza, Kepteni."

Mama, ambaye alikuwa amekuja na chai, aliiweka chini polepole akarudi jikoni, na nadhani kila mmoja wetu aliuona ule mkimbio wetu wa kila siku kwa macho mengine. Wema wetu wote wa nyumba ile, kule kutopoteza, kule kujiweka tayari, ulikuwa umemzunguka mtoto aliyelala.

Kesho yake Kepteni alirudi na balbu ya taa ya gari yenye nyaya, akamwonyesha kaka namna ya kuzimaliza. Unaifunga balbu kwenye betri, inawaka, inaachwa iwake mpaka izimike yenyewe, kisha betri inatumbukizwa kwenye ndoo ya maji ya chumvi, nje, mbali na nyumba. Mama alitoa chumvi yake huku ananung'unika kwamba amekula chumvi nyingi duniani lakini hajawahi kuona betri inayotiwa kiungo. Tulicheka kidogo, kicheko cha msibani. Kaka alichuchumaa mbele ya balbu. Mzee iliwaka hafifu, ikazima haraka. Mvivu ilikawia. Mwanga ulififia mpaka ukabaki uzi mwekundu ndani ya kioo, na kaka hakuondoa macho hadi uzi nao ulipopotea. Akaitumbukiza kwenye ndoo, vipovu vikapanda.

"Na ile mpya?" Kepteni akauliza.

Bi Harusi haikuwa imevimba. Ilikuwa imenunuliwa karibuni, tena Kasuku alikuwa anaificha isichafuke, kwa hiyo ilikuwa imenusurika na mkimbio wetu. Kepteni aliiminya, akaipima, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Hii bado nzima kabisa. Nipe mimi. Nina sanduku la bati na mchanga, liko nje kwenye banda. Siku mkipatana, mambo yakitulia, utaikuta."

Hapo ndipo palikuwa na mlango, na ulikuwa wazi. Kaka angesema "chukua" tu, nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini alisema, "Hapana. Nimemwahidi mke wangu zote. Nitaimaliza mwenyewe kesho." Kepteni akampa mkono kwa heshima. Hata mimi niliona fahari. Nilimpigia wifi siku ile ile nikamwambia mumeo amekuwa mtu.

Yaliyotokea baadaye aliyasema kaka mwenyewe, baada ya kila kitu, kwa hiyo nayaeleza kama alivyoyaeleza. Alishindwa. Alifunga balbu kwenye nyaya za Bi Harusi, ikawaka vizuri sana, mwanga mweupe, akaiona ina uhai wote ule, akaichomoa. Aliwaza: ndege bila betri ni sponji. Mtoto akirudi, tutazungumza nini? Alikuwa anaogopa ukimya wake mwenyewe. Aliogopa kukaa na binti yake sebuleni, wawili, na asiwe na neno. Akaamua ataruka naye mara moja tu, ya mwisho, kisha Bi Harusi itaingia kwenye ndoo mbele ya macho ya wifi, na kila mtu atakuwa ametimiziwa. Akakibonyeza kile kitufe, akailaza nusu kama alivyofundishwa. Akajiona mwangalifu.

Na akatafuta pa kuificha. Mtu mwingine angeificha kwenye banda, kwenye shimo, kwa jirani. Lakini yeye ni fundi makochi. Tangu aanze kazi, kila kitu cha thamani kwake kinavishwa pamba na kuwekwa ndani ya kitu laini. Wakati ule alikuwa anamtengenezea wifi kochi la kumkaribisha, la rangi ya buluu iliyoiva, sponji nene, mikono mipana. Ndani ya mkono wa kochi mna uwazi. Aliacha mshono mmoja wa chini bila kuufunga, akaizungushia Bi Harusi pamba, akaiingiza humo. Mahali ambapo hakuna mtu anayekalia, alisema. Hakuna mtu mzima anayekaa juu ya mkono wa kochi.

Wifi alirudi Jumamosi asubuhi. Kabla hata ya kuketi alikagua nyumba. Aliinama chini ya kitanda, akafungua makabati, akapanda juu ya kiti kuangalia juu ya kabati la vyombo, akaenda uani akachungulia kwenye ndoo. Mama alimfuata nyuma anamsaidia kutafuta, maskini, wakawa kama askari wawili. Karakana aliipekua kona kwa kona. Mwishowe akapumua, akaja sebuleni, akajitupa kwenye lile kochi jipya akapapasa kitambaa.

"Hili langu?"

Kaka akaitikia kwa nyusi.

"Sema."

"Lako," kaka akasema, na uso ukamlainika.

"Wifi, umeona?" akanigeukia. "Nikiondoka ndiyo napewa kochi. Ningejua ningeondoka kila mwaka."

"Usimpe mawazo," nikamjibu, "atakutengenezea na geti."

Tulicheka mpaka mama akajifuta macho. Begi la wifi lilikuwa bado mlangoni. Kasuku alikuwa amemng'ang'ania baba yake mguuni, anasimulia habari za kwa bibi yake mwingine, paka wa huko, jino lililong'oka, na kaka alikuwa anamwangalia tu, anatabasamu, anatafuta neno la kumjibu na halipati. Niliona jinsi anavyohangaika. Niliona anaangalia saa ya ukutani, anaangalia nje, upepo. Sikujua anapima nini.

Umeme ulikuwepo tangu alfajiri. Na kaka alikuwa ameamka mapema, kabla ya wote, akaitoa Bi Harusi, akaijaza mpaka juu. Alipanga kumchukua mtoto jioni ile, kimya kimya, na Kepteni mwenyewe si alisema ijazwe siku ya kuruka? Kisha akairudisha ndani ya mkono wa kochi, imeshiba, akaisukuma mbali zaidi ili isionekane. Huko ndani ndiko ncha za misumari yake zilikotokeza.

Mtoto akichoka kusimulia anatafuta cha kupanda. Kasuku aliparamia mkono wa kochi, akaukalia kama farasi, akaanza kuruka. "Twende! Twende!" Mama akamwambia ashuke asije akaharibu kochi la watu. Wifi akasema mwache, la kwake hilo. Mimi nilikuwa nimegeuka kuchukua kikombe.

Nikausikia ule mvumo.

Wifi aliufahamu kabla yangu. Alisimama na uso wake ukawa si uso wa mtu. Lakini kaka alikuwa ameshafika. Alimpiga mtoto dafrau, akamrusha mikononi mwa wifi, na papo hapo kitambaa cha buluu kikapasuka na moto ukatoka kama ulimi. Sponji ilishika. Moshi ukawa mweusi, mzito, hata mlango sikuuona. Nilimvuta mama kwa nguo mpaka nje. Kaka alibaki ndani. Alikuwa anaung'oa ule mkono wa kochi, kazi ya mikono yake mwenyewe, misumari na gundi na mbao alizozibana ili zidumu miaka, na hazikutaka kuachia. Alipotoka nao alikuwa ameukumbatia. Aliutupa uani, ukaungua peke yake huko, na majirani wakaingia na mchanga na ndoo kulizima lililobaki.

Mikono yake sitaieleza. Mimi ni msusi, najua mikono ni nini kwa mtu anayeishi kwayo.

Wifi alimkagua mtoto kichwa mpaka kidole. Hakuwa na kitu, pindo la gauni tu limebadilika rangi. Kisha akampa mama mtoto amshike, akaleta maji safi, akaketi chini mbele ya mumewe na kuanza kuimwagilia mikono ile, polepole, kata baada ya kata, muda mrefu. Ningefurahi kama angetukana. Ningefurahi angempa vidonge vyake mbele ya mtaa mzima. Aliifunga mikono kwa kitambaa kisafi alichokichana mwenyewe, akamwambia jirani mwenye gari ampeleke hospitali, akaenda mlangoni akalichukua begi lake ambalo halikuwa limefunguliwa.

"Mwanangu," mama akamwita, "subiri basi apoe."

"Mama, nimesubiri," wifi akasema. Akambusu mkono mama. Mimi alinishika bega, akashindwa kuniangalia.

Ndipo kaka akasema. Alisema kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia, yeye asiyesema. "Nilitaka airushe ndege mara moja tu. Mara moja, basi betri niitupe. Ilikuwa kwa ajili ya mtoto. Sikutaka arudi akute hakuna cha kufanya na mimi."

Kasuku alikuwa ameshikwa mkono na mama yake, wako karibu na geti. Aligeuka. Hakuwa analia tena. Alikuwa anamwangalia baba yake kwa mshangao, kama mtu mzima ambaye neno lake limesahauliwa.

"Lakini nilikwambia kwenye simu, Baba," alisema. "Nilikwambia si neno. Ndege tutaitundika ukutani, halafu unifundishe kushona makochi."

Nilimgeukia kaka nimuulize kama ni kweli mtoto alimwambia hivyo. Alikuwa ametazama chini, mikono yake imefungwa nyeupe juu ya mapaja, na sikuwa na haja ya kuuliza.